Boksi la CWDM chaneli 8: kazi linapiga, lebo zake sasa!

Jamani nimechukua hili boksi la kuchanganya mawimbi ya mwanga, CWDM chaneli 8 (linapitisha mawimbi nane tofauti kwenye faiba ileile), maana pea yetu moja ya faiba (nyuzi mbili za kupitisha data kwa mwanga) ilishajaa na kuvuta nyingine ni hela ndefu. Halili umeme kabisa, ndani ni vichujio vya mwanga tu, LUKU ikiisha lenyewe halina habari. Chaneli zinaanza nanomita 1470 mpaka 1610, zimeachana 20 20, kwahiyo SFP (vifaa vidogo vya kuchomeka vinavyotuma mwanga) za bei chee zisizo na kipoza leza zinatosha, hata wimbi la mwanga likihama kidogo kwa joto hili la Dar. Ila lebo mbili wamebandika kinyume, 1530 na 1550, nimekaa masaa mawili nasafisha konekta bure nikidhani ni uchafu, mpaka nikaleta pawa mita (kipima nguvu ya mwanga) ndo nikashtuka. Nyota 4.