Spika ndogo za bei nafuu kwa boksi la kujitengenezea: jozi tatu nilizojaribu

Mke wangu ni fundi cherehani, kibanda chake kiko Mbagala, kando kabisa ya njia ya daladala. Redio alikuwa anasikilizia kwenye simu, lakini cherehani ikishaanza kukimbia, mtangazaji humsikii tena. Siku moja akanitolea uvivu: "Baba watoto, si unajiita fundi wewe? Nitengenezee kitu." Ndipo nikaanza kusaka spika mbili ndogo, za inchi 3, za kufunga kwenye boksi litakalokaa juu ya shelfu ya vitambaa. Bodi ya amplifaya nilikuwa nayo tayari, yenye chipu ya TPA3110 na inayotumia volti 12.

Jozi ya kwanza nilinunua Kariakoo, mpya, shilingi 14,000 zote mbili. Mgongoni kwenye sumaku kuna stika inayong'aa: omu 8 (ukinzani wa spika kwa umeme), wati 50. Tuanze na hizo wati, maana ndizo zinazotuingiza mjini wengi. Amplifaya ya volti 12 kwenye mzigo wa omu 4, yaani omu 8 mbili zikifungwa sambamba, haiwezi kutoa zaidi ya wati 18 hivi za sauti safi, kwa hiyo hata stika ingekuwa ya kweli, hizo 50 ningezipeleka wapi? Na koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) yenye upana wa kidole kidogo, ipe wati 50 mfululizo uone kama hujanusa harufu ya kuungua. Cha kuuliza ni spika inatoa desibeli ngapi, yaani sauti kubwa kiasi gani, ukiipa wati moja. Spika mbili zikipishana desibeli 3, ile iliyo chini inataka umeme mara mbili ndipo zilingane. Muuzaji nilipomuuliza hilo alinitazama kama nimemuuliza bei ya nyanya.

Kosa langu ni kwamba mita ya kupimia omu niliiacha nyumbani. Hesabu yangu ilikuwa nifunge omu 8 mbili sambamba nipate omu 4. Nikachomelea waya, nikawasha, sauti ikafika katikati na kukata. Ikarudi, ikakata tena. Kupima, kila spika inasoma 3.6. Koili ya omu 8 kwa kawaida husoma kati ya 6 na 7 kwenye mita, haisomi 8 kamili, lakini 3.6 hiyo ni omu 4 mchana kweupe. Sambamba zikawa omu 2, mzigo mzito mno kwa bodi, ikawa inajizima kujiokoa yenyewe. Nikazifunga kwa mfululizo, kukata kukaisha, ila nguvu nayo ikashuka nusu.

Halafu moja ikaanza kukwaruza. Hili ungeweza kulijua dukani kabla hujatoa hela: weka vidole viwili juu ya koni, pande mbili zinazotazamana, bonyeza taratibu kwa nguvu sawa, kisha sogeza sikio. Nzima inaingia na kutoka kimya. Yangu ilikuwa inatoa mlio kama msasa kwenye kucha, yaani koili haijakaa katikati, inagusa chuma. Nikairudisha. "Kaka, ikishachomelewa waya hairudi hiyo," jamaa akasema, na mazungumzo yakaishia hapo. Sasa hivi sitoki bila mita na betri moja ndogo ya volti 1.5. Betri ni ya kupima alama za chanya na hasi: ukigusisha chanya kwenye chanya, koni inaruka kuja mbele. Ikirudi nyuma, alama imewekwa kinyume, na ukiifunga hivyo na mwenzake moja inavuta huku nyingine inasukuma, besi yote inakufa.

Jozi ya pili nilipata kwa fundi wa mtaani kwetu, kwenye rundo la TV za kichogo zilizokufa. Shilingi 5,000. Za duara refu kama yai, nyuma sumaku imevikwa kikombe cha chuma. Kikombe kile hakikuwa urembo: sumaku tupu ikikaa karibu na kioo cha TV ya aina ile inachafua rangi, kwa hiyo walilazimika kuizuia. Mita ikasoma 7.1 zote mbili. Koni ni karatasi nyepesi, hata ukingo wake ni karatasi iliyokunjwa, si mpira. Kutoboa tundu la umbo la yai kwa msumeno wa mkono kulinila Jumamosi nzima, na tundu moja limepinda. Lakini sauti! Mtangazaji anasikika neno kwa neno cherehani ikiwa mbio. Besi hazina, tusidanganyane.

Kuhusu besi, nilijitia ujuzi. Nikaweka bomba la PVC kwenye boksi kama nilivyoona kwenye picha, likaniletea mvumo mmoja tu kila noti ya chini ikigongwa. Bomba linataka hesabu, na hesabu yenyewe inataka vipimo vya spika: Fs (masafa ambayo koni hutikisika yenyewe), Qts (jinsi mtikisiko huo unavyodhibitiwa) na Vas (ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na wa koni). Mahesabu hayo yametokana na kazi ya Neville Thiele wa Australia, mwaka 1961, na Richard Small aliyeyaendeleza miaka ya 1970. Spika ya kichogo haiji na karatasi ya vipimo. Nikaziba tundu kwa soksi, nikajaza boksi pamba ya mito aliyobakiza mke wangu, mvumo ukaondoka. Boksi ni la plaiwudi ya milimita 12, ndani lina kama lita 4. Kulisogeza hadi ligusane na ukuta kumeongeza uzito wa sauti kuliko bomba lile lilivyowahi kufanya.

Jozi ya tatu si yangu. Jamaa yangu alirudi kutoka Ujerumani na Visaton FRS 8, akaniazima wiki moja. Hizo ndizo zinazokuja na vipimo vyote vimeandikwa. Sauti laini, taarabu ikipigwa unasikia vidole kwenye nyuzi za kanuni. Ningekuwa natengeneza ya sebuleni, ningejinyima na kuagiza. Kibandani, palipo na honi na vumbi la vitambaa, mke wangu alisikiliza dakika tano akasema, "Nirudishie zile za TV."

Basi za TV ndizo ziko pale hadi leo. Katika zile za Kariakoo, nzima nimemfungia mlinzi wa jirani kwenye redio yake. Ile inayokwaruza iko mezani kwa mke wangu, imelala kifudifudi, na sumaku yake imejaa pini na sindano zilizokuwa zinapotea sakafuni.