Kozi ya Kiingereza ya WhatsApp: bigger wamefundisha vizuri, more wameiacha njiani

Wadau, kuna watu wamekua wakiniuliza inbox kuhusu ile kozi ya Kiingereza ya WhatsApp, ile ya elfu ishirini kwa mwezi wanayosema ni ya wafanyabiashara wa online. Jina silitaji maana nina lawama humu ndani na sitaki maneno na mtu, ila mada ya kulinganisha nimeisoma mwanzo mwisho, yaani bigger, cheaper, more expensive na ndugu zao wote, hasa pale zinapokaa mbele ya vitu vingi. Na hio ndio mada tunayoitumia sana sisi wa matangazo. Pita kwenye kurasa za watu wanaouza vitu uone, bigger sizes, lower prices, newer models, karibu kila kapsheni ina kivumishi cha kulinganisha na nyuma yake nomino ya wingi.

Mpangilio wao ni rahisi. Asubuhi inakuja voisi noti fupi, mchana PDF ya ukurasa mmoja, usiku kwizi ya kubofya majibu, alafu Jumamosi kuna darasa la live ambalo kusema ukweli ni vurugu, watu hawazimi maiki, mara jogoo, mara konda wa daladala anaita abiria, basi tabu tupu. Bando haliliwi sana kwa sababu hakuna video, hapo nawapongeza.

Sasa madam anayefundisha. Huyu mama anajua kazi yake jamani. Kuna dada mmoja wa viatu aliweka kapsheni yake kwenye grupu ikaguliwe, kaandika "We have biggers shoes". Watu wakaanza emoji za kucheka, madam akawanyamazisha, akamwambia dada, hebu niandikie kwanza kwa Kiswahili. Akaandika "tuna viatu vikubwa zaidi". Madam akamuuliza, hio vi ya vikubwa imetoka wapi? Si imetoka kwenye viatu? Basi akaeleza kwamba kwetu kivumishi kinavaa sare ya nomino yake, viatu vikubwa, magari makubwa, watoto wakubwa, kwahiyo mkono wetu unatafuta tu mahali pa kuweka wingi hata tukiandika Kiingereza, ndio hio s inaishia kwenye bigger. Mwingereza kivumishi chake hakijali kama kuna kiatu kimoja ama kontena zima limeshuka bandarini. A bigger shoe, bigger shoes, basi. S inakaa kwenye shoes peke yake, na ile a ya mwanzo inaondoka ukishaingia wingi, maana kuna watu wanaandika "a cheaper phones" na wanalipia kabisa tangazo lisambae. Ile voisi noti mtu hata kama shule aliiacha zamani anaelewa.

Mambo ya spelling nayo wameyapitia vizuri, big inaongeza g inakua bigger, cheap haiongezi kitu inakua cheaper, heavy inageuza y inakua heavier bags, maneno marefu kama comfortable yanatanguliziwa more, good na bad zina njia zao za better na worse. Wakagusia pia kwamba bei hainunuliwi, kinachonunuliwa ni simu, kwahiyo wanaopenda Kiingereza kilichonyooka wanaandika cheaper phones lakini lower prices. Kwenye "more better" madam alikataa katakata, na kwa tangazo la leo yuko sahihi, ingawa mzee Shakespeare mwenyewe aliandika "more better" na hakuna aliyemkata maksi lol.

Shida inaanza wiki ya more na less. Hapo naona notsi kaandika mtu mwingine kabisa.

Kwizi iliuliza maana ya sentensi "We now sell more expensive phones". Jibu lililowekwa ni moja tu, kwamba sasa tunauza simu za bei kubwa zaidi. Lakini hio sentensi ina maana mbili na zote halali. Inaweza kua simu zenyewe bei imepanda kuliko zile za mwanzo, na inaweza kua simu za bei kubwa ni zilezile ila tumeongeza idadi. More inaweza kuliongezea nguvu neno expensive, na inaweza kuhesabu phones, na ukiandika hivyo kavu msomaji hana pa kushika. Sisi kwenye Kiswahili hatusumbuki hapa, simu ghali zaidi ni kitu kimoja na simu zaidi za bei ghali ni kitu kingine. Jamaa mmoja wa simu aliuliza vizuri kabisa kwenye grupu, admini akajibu "tufuate notsi", basi mjadala ukafa.

Wangeweza kusaidia kwa dakika mbili tu. Ukitaka bei ieleweke, weka much mbele, much more expensive phones, hapo hakuna anayefikiria idadi. Ukitaka idadi, many more expensive phones, kwa kawaida mtu atasikia zimeongezeka. Ama usijichoshe, peleka maelezo nyuma ya nomino, phones that cost more, kwisha habari. Na wangesema pia kwamba maneno ya er hayana huu utata, bigger sizes siku zote ni ukubwa, kwa sababu kulinganisha kumeshafanyika ndani ya neno lenyewe. Ndio maana naona hata ile kwizi inayokata "more bigger sizes" kila mahali imekaza mno. Kama una maana bigger zaidi ya bigger, ni kosa kweli. Ila kama wiki iliyopita ulileta saizi kubwa zikaisha na sasa unaleta nyingine za aina hio, "more bigger sizes next week" inasimama bila tatizo, more hapo inahesabu sizes, haina habari na bigger.

Less ndio imeniudhi zaidi. Notsi zinasema nomino ikiwa ya wingi unaandika fewer, less hapo ni kosa siku zote. Kwa fewer customers na less money sawa, hio ndio kanuni inayofundishwa, na kule Uingereza watu wanaichukulia siriasi mpaka Tesco, wale wenye supamaketi, mwaka 2008 waliamua kubadilisha vibao vyao vya kaunta za haraka vikasomeka "Up to 10 items", baada ya miaka ya watu kulalamikia ile less ya "10 items or less". Lakini hio kanuni yenyewe ilianza kama maoni tu ya bwana mmoja, Robert Baker, aliyeandika mwaka 1770 kwamba yeye anaona fewer inapendeza zaidi. Na mpaka leo umbali na hela vinakwenda na less bila ugomvi, less than 20 kilometres, less than 50,000 shillings.

Sasa ona madhara yake kwa muuzaji. Jamaa yuleyule wa simu alikua na kapsheni nzuri tu, "We sell less expensive phones", yaani simu za bei nafuu. Akaona phones ni wingi, akakumbuka notsi, akabadilisha ikawa "We sell fewer expensive phones". Maana yake sasa anatangaza kwamba simu za bei kubwa dukani kwake zimepungua! Less ilikua inaipunguza expensive, haikua na shughuli na idadi ya simu kabisa. Na mfumo wa kwizi ukampa tiki ya kijani. Aisee.

Nawapa nyota tatu na nusu kati ya tano, na hizo tatu ni za madam peke yake. Kama shida yako ni biggers na a cheaper phones, lipia, utatoka umenyooka. Kama unauza vitu vya bei tofauti tofauti na kapsheni zako zimejaa more na less, waombe kwanza wakuonyeshe notsi za wiki hio kabla hujatuma hela, maana ikishaingia hairudishwi, wameandika kabisa kwenye maelezo ya grupu.