Sweet Silver Blues: mpelelezi katika mji wa wachawi, shilingi 3,000 tu

Kwa jina lile nilidhani ni kitabu cha muziki. Nilikikuta kwa muuza vitabu vya mitumba Mwanga, Kigoma, jalada limekunjika, nikakinunua kwa shilingi 3,000 nipate cha kusoma kwenye treni ya kwenda Tabora. Mwandishi ni Glen Cook wa Marekani, kimetoka mwaka 1987.

Garrett ni mpelelezi wa kujitegemea. Alipigana vitani miaka mitano, anapenda bia, na mdomo wake hauna breki. Anasimulia mwenyewe, kama wapelelezi wa Raymond Chandler, mwandishi wa zamani wa hadithi za upelelezi, ila mji wake TunFaire una wachawi, mazimwi na wanyonya damu, na watu wanatembea na mapanga. Rafiki yake wa jeshini amekufa akaacha mali nyingi kwa mwanamke aliye mbali, huko kwenye vita. Ndugu wa marehemu wanamkodi Garrett akamtafute huyo mwanamke. Kumbe mwanamke mwenyewe Garrett aliwahi kumpenda.

Nilikuwa na wasiwasi: palipo na uchawi, upelelezi wa nini? Si unapiga ramli tu, mwizi anajulikana? Cook amelikwepa hilo vizuri sana. Kule wachawi hawafanyi kazi bila madini ya fedha, migodi iko Cantard, na Cantard ndiko vita viliko. Basi habari za vita zikibadilika, bei nayo inabadilika, na marehemu alitajirika kwa kuzipata mapema. Mtu wa Kigoma hahitaji kufafanuliwa hili. Anayejua kabla ya wenzake kwamba dagaa hawakuingia Kibirizi jana usiku, mbalamwezi imewaka, ndiye anayecheka sokoni asubuhi. Uchawi upo, lakini watu wanauana kwa sababu ya bei.

Nilichokipenda kuliko vyote ni Dead Man. Ni maiti, aliuawa miaka 400 iliyopita, lakini jamii yake hufa polepole, basi roho bado imo mwilini. Mnene, mvivu, hatoki ndani, anaongea kwa fikra na kumdharau Garrett. Kero yangu ni kwamba safari ikishaanza anaachwa nyumbani, na mimi nilimtaka yeye.

Kero nyingine: wanawake wengi humu wanaelezwa kwa maumbo yao kwanza. Na Kiingereza ni cha vijiweni Marekani. Hadi Uvinza nilikuwa nimesoma kurasa 20 tu, kamusi ya simu hainisaidii. Baada ya Kaliua kikanikolea, abiria wa pembeni akawa ananiuliza ninacheka nini.

Sisi tuliokulia kwenye Joram Kiango, mpelelezi wa riwaya za marehemu Ben Mtobwa, hatutapotea, mwendo ni uleule. Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, ndiye angekuna kichwa, maana yeye kazi yake ni kuonyesha kuwa nyuma ya mzimu kuna mtu. Mimi natamani mmoja wetu aiandike hivi Tabora ya enzi za mtemi Mirambo: misafara, pembe za ndovu, waganga, na mtu mmoja mwenye deni la pombe anayeuliza maswali.

Nyota nne. Vitabu vya Garrett vina jina la madini kila kimoja, na muuzaji wangu anacho cha dhahabu. Anataka 5,000 kwa sababu ameshaniona nina hamu. Nimefika 3,500, tunaendelea.