Wordle ya Kiingereza au ya Kijapani?

Wordle, mchezo wa maneno wa mtandaoni wa Josh Wardle uliotoka 2021, inakupa nafasi 6 za kubahatisha neno la herufi 5. Herufi ni 26 tu. Ukianza na neno lenye irabu nyingi, kijani (herufi iko mahali pake) na njano (herufi imo, ila mahali pengine) hukuonyesha njia mapema.

Michezo ya Kijapani iliyoiga Wordle hutumia kana, yaani herufi za Kijapani za sauti, na hapo ndipo penye utamu. Kana moja kwa kawaida ni silabi nzima: o-ka-a-sa-n, yaani mama, hujaza vyumba 5. Kana za msingi ni 46, bado hujahesabu vistari viwili vinavyogeuza ka kuwa ga. Kubahatisha kunakuwa kugumu kwelikweli, lakini sisi tuliofundishwa kusoma kwa ba, be, bi, bo, bu tunazizoea haraka. Anayejifunza hiragana, aina mojawapo ya kana, aanze na huu wa Kijapani.