Uzoefu wangu: gereji ya Mtwara iliyoburuta Land Rover 109 kabla ya kufungua hata pulagi moja

Hapa Mtwara mjini kuna gereji inayosifika kwamba inafufua magari ya zamani. Jina nalihifadhi. Niliwapelekea Land Rover 109 Series III ya petroli iliyolala miaka mingi kwenye ghala la korosho Tandahimba, na tulikubaliana mapema, kwa maneno yasiyo na utata: injini isizungushwe mpaka valvu, yaani milango ya kuingizia hewa na kutolea moshi kwenye silinda, zikaguliwe. Nafika kuangalia kazi, nakuta gari limeshafungwa kamba nyuma ya pikapu, limetiwa gia ya tatu, wanaliburuta uwanjani. Injini ikazunguka kwa lazima, ikakohoa, ikawaka kama nusu dakika, ikaanza kutoa mlio wa chuma kugonga chuma, ikazima. Nikauliza nani alifungua kava la tapeti, lile kifuniko cha juu ya valvu, kwanza. Bosi akanijibu mbele ya vijana wake: “Njomba, gari imewaka, unalia nini? Hapa tunafufua, hatubembelezi maiti.”

Jibu hilo ndilo limenikalisha kuandika. Kazi mbovu ningeweza kuivumilia, watu hukosea. Kudharau hatua ambayo kila fundi wa injini za aina hii anaijua, kisha kumfanya mwenye gari aonekane mlalamishi, hilo silimezi.

Kwanza muelewe gari lilikuwa katika hali gani, kwa sababu ghala la mkulima wa korosho lina mambo yake. Kuna unyevu, kuna panya, na kuna salfa. Salfa ninayoisema ni ile ya unga, ya kupulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiriunga. Mfuko ukipasuka, vumbi la njano linaingia kila upenyo. Likikaa kwenye shaba, shaba inakuwa nyeusi, na umeme haupiti vizuri tena. Likikutana na unyevu, taratibu linazaa tindikali inayokula chuma. Panya nao walikuwa wamejaza maganda ya korosho ndani ya chujio la hewa, lile la kuogea oili, na ganda bichi la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi, kwa hiyo huo uchafu usiutoe kwa mikono mitupu. Nyigu wa udongo walikuwa wameziba bomba la kupumulia la tenki na mdomo wa ekzosi.

Bodi ya aluminiamu isimdanganye mtu. Chesisi ni chuma, na kinachooza kwanza ni boriti ya nyuma na sehemu za kukanyagia miguu. Chukua nyundo ndogo ugonge chesisi kwa chini, hasa kwa ndani ya magurudumu ya nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu na mabaka ya kutu yanadondoka. La kwangu lililia vizuri karibu pote, na ndiyo sababu lilistahili kuokolewa.

Sasa valvu. Injini ya silinda nne ikizimwa, lazima zipo valvu zinazobaki wazi. Hewa yenye unyevu inapitia kwenye manifoldi, inaingia ndani ya silinda hizo, na miaka ikipita shina la valvu linashikana kwa kutu na gaidi yake, yaani tundu linaloliongoza. Zilizofungwa nazo zinaweza kukwama hivyo hivyo. Ukiizungusha injini kwa nguvu, kamshafti inainua push rodi (fito nyembamba ya chuma), push rodi inasukuma roka (mkono mfupi wa chuma juu ya valvu), roka inabonyeza valvu ambayo haishuki. Hapo lazima kitu kimoja kikubali kushindwa, na kilicho chembamba kuliko vyote ni push rodi. Inapinda. Ule mlio wa chuma niliousikia uwanjani ndio huo.

Kuzuia hayo kunahitaji spana chache na subira. Toa pulagi zote nne. Changanya oili ya gia boksi ya otomatiki na dizeli, nusu kwa nusu, mimina vijiko viwili vya chakula kwenye kila tundu, uache siku kadhaa huku ukiongeza kidogo kidogo; mchanganyiko huo unapenya penye ringi za pistoni. Wakati unangoja, fungua nati tatu za kava la tapeti. Mwagia oili kwenye mashina ya valvu na springi zake. Halafu chukua kipande cha mbao na nyundo nyepesi, gonga roka upande wa valvu, moja baada ya nyingine. Valvu nzima inashuka na kurudi yenyewe kwa mlio mfupi. Iliyokwama ama haishuki, ama inashuka na kubaki huko huko. Hiyo unaimwagia oili zaidi, unairudia kesho, na keshokutwa ikibidi. Ziko nane tu. Ukaguzi wenyewe hauzidi nusu saa.

Zikishakubali zote, ndipo unapotia hendeli mbele ya injini, pulagi zikiwa bado nje, na kuisukasuka robo mzunguko kwenda na kurudi. Usitumie stata hapo, maana stata haina hisia. Mkono wako unajua pale injini inapokataa. Ikizunguka mara mbili kamili bila kugoma, badilisha oili na filta, kisha piga stata bila pulagi, sekunde kumi kumi huku ukiipumzisha, mpaka taa ya oili izime. Taa ikizima ndipo unajua beringi zimepata oili. Gari lililoburutwa kwa pikapu halikupata lolote kati ya haya.

Hasara ikawa hivi. Valvu ya ekzosi ya silinda ya 2 na ya kuingizia ya silinda ya 3 zilikwama, na push rodi zake mbili zikapinda. Bosi akataka kunyoosha push rodi kwa nyundo na kuzirudisha. Push rodi hainyooshwi kwa jicho. Ibiringishe juu ya kioo na utaona mwanga unapita chini yake, na iliyopinda inatupwa. Wala si push rodi tu. Kwenye injini hii tapeti ya chini, ile inayosukumwa na kamshafti na kuinua push rodi, haikai bapa juu ya kamshafti, ina rola. Rola iliyolala na kutu, ikapigwa kwa ghafla namna ile, inaweza kuwa na vishimo, na rola yenye vishimo itaitafuna kamshafti kimya kimya mpaka injini ikose nguvu na usijue kwa nini. Kuitoa rola na kuikagua lazima ufungue boliti za pembeni ya bloku zinazoshika gaidi za tapeti, na lazima silinda hedi itoke. Yaani nusu saa waliyoikwepa imezaa kazi ya kushusha hedi, kusaga valvu, kununua gasketi mpya ya hedi na seti ya push rodi, ambazo hapa Mtwara hazipo dukani, zinaagizwa Dar es Salaam.

Haki yao niwape kwenye mafuta. Hapo walifanya sawasawa, na ningekuwa naandika habari ya mafuta peke yake ningewasifu. Petroli ya zamani haikuchanganywa na mpya. Walifungua boliti ya kumwagia iliyo chini ya tenki, kikatoka kitu cha rangi ya chai yenye harufu kali kama ya vanishi, wakaliacha tenki pembeni na kulisha injini kutoka kwenye dumu la lita 5 kwa mpira mpya uliounganishwa moja kwa moja na pampu. Kikombe cha kioo cha pampu walikiosha, na petroli waliivuta kwa ule mkono mdogo wa pembeni badala ya kuichosha stata. Kabureta ya Zenith waliifungua, wakazibua jeti kwa upepo wa kampresa na si kwa waya, na wakabadilisha ile ringi ndogo ya mpira iliyo kati ya vipande viwili vya kabureta, ambayo ikichoka gari linakula mafuta na kutoa moshi mweusi watu wakidhani ni pistoni. Fundi anayeijua ringi hiyo anaijua Land Rover. Ndiyo maana nashindwa kuelewa: wanaojua hayo wanashindwaje kufungua nati tatu?

Na kuna fundi umeme wao. Kijana mtulivu, ana kona yake pale mlangoni. Huyu kazi yake imenifurahisha kuliko kazi yoyote ya umeme niliyoiona kusini. Hakukubali betri iunganishwe mpaka amalize kukagua. Kila waya aliousogeza aliubandika kipande cha gundi ya karatasi na kuandika unakotoka na unakokwenda. Palipokuwa na weusi wa salfa hakukwangua kwa msasa, maana weusi ule unakuwa umepanda ndani ya nyuzi chini ya ganda la plastiki. Alikata kidogo kidogo mpaka shaba ikang'aa, kwingine alirudi nyuma zaidi ya kiganja, kisha akaunga kipande kipya cha unene ule ule kwa risasi. Viungio vya kusukumia alivibadilisha vyote. Waya wa asi kutoka injini hadi kwenye chesisi aliutoa, akasugua chuma mpaka kikawa cheupe, akaurudisha na grisi juu.

Ilipofika siku ya betri alifanya jambo ambalo kila mwenye gari la zamani alifanye. Kati ya betri na gari aliweka balbu ya indiketa ya wati 21. Balbu ikiwaka kwa nguvu wakati kila swichi imezimwa, kuna shoti mahali, na balbu inazuia waya zisiungue wakati unaitafuta. Iliwaka. Akaondoa fyuzi moja moja, ikabaki inawaka; akachomoa waya wa nyuma ya altaneta, ikazima. Waya huo ulikuwa umetafunwa na panya mahali pasipoonekana. Bila balbu ile tungekuwa tunaongelea gari lililoungua. Aliponieleza alisema tu, “Mzee, umeme hauna haraka,” akaendelea na kazi.

Kwa hiyo nilipokuwa nimepoa kidogo niliamua nitaandika kwamba gereji ni nzuri, muepuke bosi, mtafute fundi umeme. Kisha ikaja bili.

Kwenye bili kuna “kufufua injini”. Kuna “kushusha hedi”. Kuna mpaka “kuvuta gari”, yaani nilipe kwa kule kuburutwa uwanjani kulikopinda push rodi zangu. Na tapeti walizozifunga baada ya hedi kurudi zilirekebishwa kwa kusikiliza. Kwa masikio! Nafasi ya tapeti za injini hii, yaani mwanya kati ya roka na valvu, ni milimita 0.25, zote nane, na fila geji ya kupimia mwanya huo ni kitu cha bei ndogo kinachokaa mfukoni. Utaratibu wake hata mwanafunzi anaushika: valvu ya 8 ikiwa imeshuka kabisa rekebisha ya 1, ya 7 ikishuka rekebisha ya 2, na kuendelea hivyo, jumla ni 9 siku zote. Nilipopima mwenyewe, tatu zilikuwa zimebana mno. Valvu ya ekzosi ambayo tapeti yake imebana haikai sawa kwenye kiti chake, haipoi, na mwisho wake inaungua kingo. Hedi waliyotoka kuisaga ingerudi chini tena kabla msimu wa korosho haujaisha.

Basi maoni yangu nayabadilisha. Injini msiwapelekee. Kabureta, labda, mkiwa mmesimama pale pale mnaangalia. Umeme, pelekeni bila wasiwasi, lakini mkubaliane na yule kijana bei yake peke yake, na iandikwe kwenye karatasi pamoja na kazi ambayo haitafanywa. Mimi makubaliano yangu yalikuwa ya mdomo mbele ya mashahidi, na bosi leo anasema hayakumbuki.

Breki bado. Viatu na ngoma vina kutu, na 109 ina wili silinda (silinda ndogo za kusukuma viatu vya breki) 6, mbili kwa kila gurudumu la mbele na moja moja nyuma. Pendekezo lao lilikuwa kuzipiga msasa kwa ndani na kurudisha mpira ule ule wa zamani ili “gari litembee kwanza”. Silinda yenye vishimo vya kutu inakata mpira mpya ndani ya muda mfupi, sembuse wa zamani, na njia ya kushuka Mikindani haitaki majaribio. Seti nzima ya wili silinda na masta silinda nimeagiza. Lejeza ajasta (skrubu ya kusogeza viatu), gonga ukingo wa ngoma na si uso wake, skrubu tatu zitoke kwa bisibisi ya kugonga: hiyo kazi nitasimamia mwenyewe, kwa fundi mwingine. Bili nimelipa ya umeme na ya kabureta. Ile ya kuvuta gari waendelee kunidai.