Mvinyo Mkongwe wa Bordeaux: Upi Ununue, Upi Uuache

Mvinyo mwekundu wa Bordeaux, kule Ufaransa, ukiwa bado mchanga hukausha ulimi. Ukakasi wake, unaofanana na wa ndizi mbichi, hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, hasa za Cabernet Sauvignon. Ukilala chupani miaka kumi na tano hivi, ukakasi huo hushikana na rangi na kutuama chini ukawa mashapo. Pembeni mwa glasi unaona rangi ya tofali, na harufu ya matunda inapisha ile ya tumbaku, ngozi na penseli iliyochongwa. Hicho ndicho watu wanachokilipia. Ila chupa nyingi hazifiki huko: nyingine zilitengenezwa zinywewe mapema, nyingine ziliunguzwa na joto njiani. Ndiyo maana orodha yangu haifuati ukubwa wa jina.

Namba moja ni mashamba ya hadhi ya kati ya Médoc, eneo lililo kaskazini mwa jiji la Bordeaux, mwaka mzuri. Mwaka 1855, kwa ajili ya Maonyesho ya Paris, madalali wa Bordeaux waliyapanga mashamba kwa madaraja matano wakifuata bei, na orodha ile imebaki karibu vilevile hadi leo. Nafuu iko kwa walioachwa nje: Chasse-Spleen na Poujeaux za Moulis, au Sociando-Mallet kule kaskazini. Cantemerle imo ndani, daraja la tano, na bei yake bado ina adabu. Tafuta mavuno ya 2005 au 2010; ya 2016 ni mazuri sana, lakini yape muda. Mwaka mzuri humbeba hata mkulima wa kawaida, wakati 2013, kwa baridi na mvua zake, uliwatesa mpaka wakubwa.

Namba mbili ni Stellenbosch, Afrika Kusini. Kwa aliyeko Nairobi au Dar, nisingegombana naye akiiweka juu kabisa. Mvinyo wa Rubicon wa shamba la Meerlust, ulioanza na mavuno ya 1980, na ule wa Paul Sauer wa shamba la Kanonkop huchanganywa kwa zabibu zilezile za Bordeaux. Ukikuta ya 2015, usiiache.

Namba tatu ni Saint-Émilion, ng'ambo ya mto Dordogne. Huku zabibu ya Merlot ndiyo inayotawala, kwa hiyo mvinyo ni laini na hukomaa mapema. Angalia mwaka pamoja na upande: 1998 uliwapendelea hawa, 1996 ukawapendelea Médoc.

Namba nne, mvinyo wa pili wa mashamba makubwa, yaani ule usioingia kwenye chupa yao kuu, mfano Carruades de Lafite. Unalipia lebo. Pita.

Mwisho kabisa nawaweka wakubwa wenyewe, wa daraja la kwanza: Lafite, Latour, Margaux, Haut-Brion, na Mouton uliopandishwa daraja 1973. Ni mvinyo wa ajabu, sibishi. Lakini kwa bei ya chupa moja utajaza kreti ya namba moja, na matapeli nao hupenda majina hayohayo. Rudy Kurniawan, aliyetiwa hatiani New York mwaka 2013 na kuhukumiwa kifungo cha miaka kumi, alikuwa akichanganya mvinyo nyumbani kwake California na kuubandika lebo za kifahari.

Kabla ya kulipa, inua chupa kwenye mwanga. Kwa chupa ya miaka ishirini, mvinyo uwe shingoni au chini yake kidogo tu. Ukiwa umeshuka hadi katikati ya bega, rudisha. Kizibo kilichochomoza, au michirizi iliyokauka shingoni, mara nyingi ni dalili ya joto. Muulize muuzaji ilikolala, maana inataka nyuzi 12 hadi 14 na giza. Iliyokaa miaka wima rafuni, chini ya taa, kwenye joto la Dar? Hata iwe ya 2005, usiiguse.

Nyumbani isimamishe siku nzima mashapo yatulie. Kizibo kikongwe humong'onyoka, kwa hiyo kivute taratibu. Unapomimina kwenye jagi, washa tochi ya simu chini ya shingo ya chupa, na mashapo meusi yakianza kusogea, acha hapohapo. Usiuweke jagini saa nyingi, harufu itapotea. Chakula chake ni mbuzi choma kwa chumvi tu. Pilipili ikae mbali.