Uzoefu wangu: RAID 5 ya mdadm, na diski moja iliyozichelewesha wenzake tatu

Nahariri video za harusi. Huu ni mwaka wa tatu kazi zangu zote zinakaa kwenye kompyuta ya mezani yenye diski nne za TB 4, nimeziunga kwa mdadm, programu ya kuunganisha diski, ndani ya Ubuntu kama RAID 5, yaani safu moja inayoonekana kama diski moja kubwa. Natumia TB 12, na diski moja ikifa kazi haisimami. Miaka miwili ya kwanza sikuwa na neno: kuandika kulifika MB 300 kwa sekunde, kusoma kulizidi hapo.

Kisha diski moja ikaanza kuonyesha sekta mbovu. Nikanunua nyingine ya ukubwa uleule, nikaichomeka, safu ikaanza kujijenga upya. Ilichukua siku mbili na nusu. Nilipaswa kushtuka palepale.

Wiki iliyofuata nilikuwa nahamisha send-off ya GB 120 kutoka kwenye SSD kwenda kwenye safu. Dakika mbili za mwanzo ilikwenda vizuri, halafu mwendo ukaporomoka mpaka MB 20. Mzigo uliokuwa unamalizika kwa dakika saba sasa unataka saa moja na dakika arobaini. Mama wa bibi harusi akapiga simu: "Mwanangu, video yetu imefikia wapi?" Nikamwambia, "Shikamoo mama, naimalizia," macho yangu yako kwenye asilimia 34 ambayo ilikuwa haijasogea tangu nichemshe chai.

Wengi niliowauliza walisema RAID 5 ndivyo ilivyo, nzito kuandika. Ni kweli, kubadilisha kipande kidogo kunadai kazi nne: kusoma data ya zamani, kusoma pariti ya zamani (data ya ziada inayosaidia kurejesha diski iliyokufa), kuandika data mpya, kuandika pariti mpya. Lakini safu hiihii mwezi mmoja nyuma ilikuwa inaandika MB 300. Uzito wa kuzaliwa nao hauji ghafla, kwa hiyo jibu hilo sikulikubali.

Nikafungua /proc/mdstat, faili linaloonyesha hali ya safu. Ikaniambia [UUUU], yaani diski zote nne zipo na zinafanya kazi. Hapa ndipo watu wengi wanaishia, na nawasihi msiishie hapo. Alama hiyo inasema diski ipo. Haisemi diski ina kasi gani.

Nikapima moja moja kwa smartctl, amri inayosoma afya ya diski. Kwenye diski inayoitwa sdb, mstari wa UDMA_CRC_Error_Count, yaani hesabu ya makosa ya kupitisha data, ulikuwa umepita 1,900. Makosa hayo kwa kawaida ni ya waya, siyo ya diski, na dmesg, kumbukumbu ya ujumbe wa mfumo, ilionyesha kwamba mawasiliano ya diski na kompyuta yameshushwa kutoka gigabiti 6 hadi 1.5 kwa sekunde. Nikabadilisha waya wa SATA, ule unaounganisha diski na kompyuta. Hesabu ile hairudi sifuri, ila iliacha kupanda, na kusoma kukarudi kama zamani. Kuandika kukabaki palepale.

Kilichonitoa gizani ni amri ya iostat -x 2, inayoonyesha kila diski inavyoshughulika, huku nikinakili faili kubwa. Diski tatu zilikuwa zinashughulika chini ya asilimia 15. Ya nne, sdd, ile mpya, ilikuwa asilimia 100 muda wote, na kila ombi la kuandika linasubiri sekunde mbili, tatu. Wenzake walikuwa wamekaa wanaingoja.

Nikatafuta namba ya modeli yake. Ni SMR. Diski za namna hii huandika njia zake zikilaliana kama makuti kwenye paa: ukitaka kubadilisha kuti la chini, lazima uinue yaliyolala juu yake na kuyapanga tena. Ina sehemu ndogo ya kupokea data kwa haraka, ndiyo maana dakika za mwanzo zinaridhisha. Sehemu hiyo ikijaa, mwendo unakufa. Mwaka 2020, baada ya wateja kulalamika sana, Western Digital, Seagate na Toshiba walitoa orodha za modeli zao zinazotumia SMR, kwa hiyo unaweza kuangalia kabla hujatoa hela. Muuzaji wangu alinihakikishia kuwa diski ni diski. Ukinunua kwa ajili ya RAID, taja neno CMR, yaani diski ambayo njia zake hazilaliani, na usikubali jibu lingine.

Nikachomeka diski ya CMR kwenye nafasi ya tano ya SATA, nikatumia mdadm --replace. Hiki ndicho kipengele ninachokipenda kuliko vyote: inanakili kwenda diski mpya huku ya zamani bado iko kazini, hivyo safu haibaki uchi hata dakika moja. Baada ya muda wa saa nane kazi ikawa imekwisha. Kuandika kukafika MB 210. Nikapandisha stripe_cache_size, ukubwa wa kumbukumbu ya muda ya safu, kutoka 256 hadi 8192, ambayo kwa diski nne inakula takriban MB 128 za RAM, nikapata 310. Mpangilio huo hupotea ukizima kompyuta, kwa hiyo nimeuweka kwenye hati inayojiendesha wakati wa kuwaka. Nina UPS, betri inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika; bila hiyo, kwa umeme wetu huu, kumbukumbu kubwa ya namna hiyo nisingeithubutu.

mdadm naipa alama zote. Haina picha nzuri wala vitufe, lakini haikunificha kitu nilipojua pa kuuliza. Ile diski ya SMR nimeiweka kwenye kasha la USB. Kila harusi ikishakabidhiwa, nainakili humo mara moja tu, usiku, nimelala.